Meza ya maji waliing'oa huku naiona

Jina la mbio silitaji, maana baadhi ya waandaaji nasali nao kanisa moja. Waliokuwepo watazitambua.

Nianze na mazuri, nisije nikaonekana nina kinyongo. Tisheti nzuri, imefuliwa na haijachuja. Namba tulichukua bila foleni. Na barabara ya Iringa asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka, ni raha tupu hata kwa magoti ya miaka 63. Kwa hayo ningewapa nyota nne.

Tatizo mgeni rasmi. Tuliambiwa tunaanza saa 12 kamili. Tukawahi, tukapasha misuli, tukapoa, tukapasha tena. MC akaziba pengo kwa kumsifia John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyeumia goti Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza marathoni, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Tukapiga makofi kwelikweli. Kuja kuruhusiwa, inakaribia saa 1 na nusu, jua limeshaanza kazi.

Sasa sikilizeni. Makubaliano na trafiki yalikuwa barabara ifunguliwe saa 3, na saa 3 ikafunguliwa. Vijana wa mbele walishamaliza, wanapiga picha. Kwa hiyo deni la mheshimiwa kuchelewa tulilipa sisi wa nyuma, ambao wengi ni wazee, na kiingilio tulitoa kilekile.

Kilomita ya 15 naikuta nakwepa bodaboda, chumvi imeganda usoni. Hewa ya huku kavu, jasho linapotea kabla hujaliona, na umri ukisogea hata kiu inachelewa kukushtua. Ndiyo maana mimi nakunywa kila meza, niwe na kiu nisiwe nayo.

Meza niliiona kwa mbali, nikaongeza mwendo. Kijana akaikunja miguu, akaipakia kwenye kirikuu, akaanza kufunga kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe maji, mjukuu wangu."

"Maji yameisha, babu. Panda tu tukupeleke."

Yameisha! Katoni ziko nyuma yake, nne au tano, nailoni haijachanwa, na juu ya mojawapo kaweka chapati yake kwenye gazeti. Nikazinyooshea kidole.

"Hizo nimeambiwa zirudi ofisini."

Kasema kwa adabu zote, huku mikono inakaza fundo. Angenitukana ningejua pa kumshika. Simlaumu, katumwa. Ah, namlaumu. Chupa moja angeitoa nani angeihesabu? Halafu hiyo ofisi inaendesha mbio, au inauza maji?

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye genge mbele kidogo, hanijui, sina hata shilingi mfukoni: "Kunywa baba, hela utaleta." Nililipeleka deni jioni ileile. Huyo ndiye wa kupewa tuzo ya udhamini.

Nilimaliza, msidhani nilipanda kirikuu. Puto la mstari wa kumalizia lilishatolewa upepo, limelala chini, ila medali nilipata, na dada aliyenivalisha alinichangamkia vizuri tu. Pale nikakaribia kusamehe. Mwakani? Mke wangu kasema ni mwiko. Mimi nasema nitakwenda na chupa yangu kiunoni, au nitafute mbio zinazoanza bila mheshimiwa.

Msamaha ukaisha kwenye zawadi. Huko duniani mashindano ya maveterani yanagawa watu kwa miaka mitano mitano kuanzia 35, mtu ashindane na wa rika lake. Hapa "wazee" ni kuanzia 40, wote kapu moja. Nyota nne nazichukua, wabaki na mbili. Andikeni moja. Maana yule aliyebeba bahasha ya wazee, mtu wa miaka 41, alipopita karibu yangu alinipa shikamoo.