Darasa la Kiingereza cha juu kwa wauguzi: uzoefu wangu kabla ya mtihani wa OET

Wenzangu wananiuliza kila mara kama darasa lile linafaa. Linafaa, bora uwe mtu wa kukubali kusahihishwa. Kama unatafuta mwalimu wa kukupa barua za kukariri, baki na pesa zako.

Mimi ni muuguzi Nakuru, wodi ya wazazi. Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi, KCSE nimefanya kwa Kiingereza, diploma vilevile, na ripoti ya zamu naiandika kwa Kiingereza kila siku. Ndiyo maana mwaka wa 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, aliposema kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda Uingereza ni 10 tu waliopita mtihani wa Kiingereza, watu mitandaoni walicheka na sisi wa wodini tukanuna. Mtu anafelije lugha aliyofundishiwa maisha yake yote? Sasa najua. Kiingereza tulicho nacho ni cha kujibu mtihani wa shule na kujaza faili. Wale wanapima kama unaweza kumwelewesha mtu jambo moja, kwa upole, bila kuzunguka.

Kwa wasiojua, baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, hukubali mtihani wa IELTS, ambao ni wa Kiingereza cha jumla, au OET, ambao ni wa Kiingereza cha wahudumu wa afya. Kwa IELTS wanataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Kwa OET ni alama B, yaani 350, kwa hizo tatu, na C+, yaani 300, kwa kuandika. Nilichagua OET kwa sababu mambo yake ni ya hospitali. Kuandika insha kuhusu utalii au uchafuzi wa hewa baada ya zamu ya usiku sikuweza.

Nilikuwa nimeanza kwingine, kituo kimoja cha mjini, ambako tulipewa utangulizi mmoja wa barua wa kutumia kwa ugonjwa wowote, awe mgonjwa wa sukari au wa mguu uliovunjika. Huko sikukaa.

Hili la pili ni la mtandaoni, jioni mbili kwa wiki, hatukuzidi watu kumi, Sh12,000 kwa mwezi, unalipa kwa M-Pesa. Mwalimu ni Mkenya mwenzetu, kazi yake ni kufundisha watu wazima, na si mtu wa hospitali. Mwanzoni hilo lilinitia shaka. Kumbe ndiyo ilikuwa faida: ukitumia neno la kitabuni anakuuliza maana yake kama mgonjwa atakavyouliza, na hapo unagundua kwamba hujui kulieleza kwa maneno ya kawaida. Sisi tunajua majina yote ya magonjwa kwa Kiingereza, lakini bibi wa Manchester atakuja na "I've been throwing up" (nimekuwa nikitapika) au "I feel run down" (mwili umechoka), na ndiyo lugha atakayotaka kujibiwa nayo. Mwalimu alitupa orodha ndefu ya misemo kama hiyo. Kwangu hiyo orodha peke yake ililipa ada ya mwezi.

Jambo lililonivutia zaidi ni namna alivyosahihisha. Darasani kulikuwa na msimamizi wa wodi mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, na dada mmoja aliyekuwa akiingia kutoka Riyadh saa ya mapumziko. Watu wa namna hiyo huwakatizi sentensi ovyo. Tena wengi wetu tulisoma shule zenye diski, ukisikika unasema Kiswahili au lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, kwa hiyo hofu ya kukosea Kiingereza tuliingia nayo ndani ya mwili. Ukiogopa, unanyamaza, au unajificha nyuma ya maneno makubwa. Mwalimu alituacha tuzungumze hadi mwisho huku akiandika. Kisha anatuwekea kwenye skrini sentensi zetu bila majina, nzuri zikiwa zimechanganywa na mbovu, tuzichambue wenyewe. Mbovu ni kama hizi: "We discussed about the wound." "She was given some advices." Kuna jioni nzima ilikwenda kwenye "he" na "she", kwa sababu kwetu yeye ni yeye, na ulimi ukichoka unamgeuza mgonjwa wa kike kuwa mwanamume katikati ya maelezo. Hakuna aliyeulizwa sentensi ni ya nani, ingawa msimamizi wetu alikuwa akizitambua zake na kucheka kwa sauti kuliko wote.

Sarufi ya majedwali hakuna. Anayehitaji kuanzia wakati uliopita asijiunge, atapotea.

Kwenye kuzungumza, mtihani unakupa kadi mbili, na kwa kila moja dakika tatu za kujiandaa kisha kama dakika tano za kuongea na mtu anayejifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Wanapima matamshi na ufasaha, lakini wanapima pia kama unasikiliza, kama umeelewa hofu ya mgonjwa na kama unapanga maelezo yako. Hapa ndipo tulipoumbuka. Wodini namwambia mgonjwa, "Mama, lala hapa nikuangalie," na ni adabu tosha, hiyo "mama" imebeba heshima yote. Kwa Kiingereza tunaiacha, inabaki amri kavu: lala, vua, fungua mdomo. Mwalimu alitufanya turekodi mazungumzo yetu kwa simu, kisha kila mmoja ayaandike neno kwa neno. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiyasoma maneno yako mwenyewe karatasini hakuna haja ya mtu kukwambia. Mimi nilijiona nimemuuliza mgonjwa maswali mfululizo kama polisi.

Barua ndiyo iliyonifundisha zaidi. Unapewa kumbukumbu za mgonjwa, dakika 5 za kusoma na 40 za kuandika barua ya maneno kama 180 hadi 200, mara nyingi ya rufaa au ya kumkabidhi mgonjwa kwa mhudumu mwingine. Zile kumbukumbu zina mengi yasiyohitajika, na ni makusudi. Kuna vigezo sita vya kusahihishia, na lugha yenyewe ni kimoja tu. Vingine vinaangalia lengo, yaliyomo, ufupi na uwazi, mtindo unaofaa, na mpangilio. Sisi tuliokulia kwenye insha za shule tulizoea kupamba. Mwalimu wa darasa la nane alikuwa akiweka tiki kwenye kila msemo mzito. Huku unapunguziwa alama kwa jambo la kweli kabisa ambalo msomaji halihitaji.

Zoezi alilotupa kwa hilo sijaliona kwingine. Kumbukumbu za mgonjwa mmoja, barua tatu: moja kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, moja kwa muuguzi atakayemtembelea nyumbani, moja kwa daktari wake. Kabla ya kuandika chochote tunakata mistari kwa kalamu, kisha tunabishana nani amekata nini. Je, mtaalamu wa mazoezi anahitaji kujua kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo zamani? Tulibishana hadi muda ukapita na hakuna aliyeondoka.

Sasa kasoro, maana zipo. Barua zilirudi zikiwa zimechelewa, wakati mwingine baada ya wiki na zaidi, na kufikia hapo umeshasahau ulikuwa unafikiria nini. Kusikiliza kulifundishwa kwa haraka, na sauti nyingi zilikuwa za lafudhi moja safi ya redioni, ilhali mtihani una Waingereza na Waaustralia na rekodi inachezwa mara moja tu. Hapo nilijitafutia mwenyewe mahojiano ya wagonjwa mtandaoni, na bando lilinikoma. Rekodi za darasa zinafutwa baada ya siku saba, jambo ambalo kwa mtu wa zamu ni kama kufungiwa mlango. Na ukikosa madarasa kwa sababu ya zamu za usiku, hakuna punguzo. Nilijaribu kuongea, nikajibiwa kwa upole kwamba hapana.

Matokeo yangu: kuzungumza 400, kusoma 380, kusikiliza 350, kuandika 340. Kusikiliza ni kama mnavyoona, nimepita kwa kubanwa, na si ajabu.

Kabla ya kulipa, ongea na msimamizi wako upate jioni zile mbili kwenye ratiba, na uombe uingie darasa moja bure usikilize. Wanakubali ukiuliza, ila hawatangazi.