Mikutano mitatu ya kuacha pombe jijini Nairobi, na mmoja niliobaki nao

Kwa muda wa wiki tano nilihudhuria mikutano mitatu tofauti ya waraibu wa pombe hapa Nairobi, yote ikifuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous (AA), ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu ambaye amekwenda mara moja, akatoka amevunjika moyo, na akaamua kwamba mambo haya hayamfai. Mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu kufikia uamuzi huo.

Utaratibu wenyewe ulianzia Akron, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa. Hakuna ada wala fomu, na hakuna anayekuuliza jina la ukoo. Sharti pekee ni nia ya kuacha pombe. Kikapu kinapopitishwa, pesa zinazotiwa humo hulipia ukumbi na chai, na mgeni halazimiki kutoa chochote. Kwa hiyo gharama hazikunisaidia kuchagua. Kilichotofautiana ni watu, lugha na saa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa na utulivu na heshima, lakini uliendeshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kiingereza ninakijua, ndicho ninachokitumia ofisini, ila siku ile nilipojaribu kueleza jinsi mwanangu alivyonikuta nimelala kwenye ngazi na kwenda kuniletea blanketi, maneno yalitoka kama ripoti ya kazi. Nilisema sentensi mbili nikaketi. Sina lawama kwa kikundi kile. Kwa mtu ambaye aibu yake inazungumza Kiingereza, huenda ndicho kikundi bora kuliko vyote.

Kwenye wa pili sikurudi, na sababu yake naomba izingatiwe. Mtu mmoja alizungumza karibu muda wote, kisha akamwambia kijana aliyekuwa mgeni kama mimi kwamba dawa alizoandikiwa hospitalini ni uraibu mwingine na azitupe. Hili ni kosa kubwa, na mwongozo wa AA wenyewe unasema kwamba mwanachama asijifanye daktari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku anaweza kupata degedege akikatiza ghafla, hata akapoteza maisha, kwa hiyo amwone daktari kabla ya kuacha au apige simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Ukisikia mkutanoni maneno kama yale aliyoambiwa kijana yule, tafuta mkutano mwingine.

Wa tatu hufanyika Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na huko watu huzungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Saa hiyo ndiyo iliyonivuta kwanza. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia na wenzangu wakipita mezani kuuliza tunakutana wapi, ndiyo saa niliyokuwa nikianza kunywa, na hiyo ndiyo saa ninayotaka kuwa mahali pengine. Mkutano wa Jumapili asubuhi ungenikuta nimeshaanguka.

Nilipoingia, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mduara, na mzee mmoja aliyekuwa akimimina chai ya tangawizi aliniambia, "Karibu, kijana wangu. Kaa tu. Hapa halazimishwi mtu kusema." Nilikaa kimya mikutano miwili mizima. Kwenye wa tatu nilisimulia habari ya blanketi, na hakuna aliyenipa ushauri. Mama aliyeketi kulia kwangu alisema tu, "Asante, baba," kisha zamu ikaendelea. Wiki iliyofuata nilikosa kwenda. Jumamosi asubuhi mzee yule alinipigia simu, hakunihoji, aliniuliza nimekunywa chai au bado. Sasa ndiye sponsa wangu, yaani mraibu aliyetangulia ambaye ananipitisha katika Hatua Kumi na Mbili, yaani mpango wa kupona unaofuatwa na AA.

Kasoro hazikosekani. Hatua hizo zinamtaja Mungu mara kwa mara, na ingawa zinaongeza "kama tulivyomwelewa", sala ya kufunga ilikuwa ya Kikristo, jambo ambalo ndugu yetu mmoja Mwislamu alilieleza waziwazi. Tangu hapo tunanyamaza dakika moja badala ya sala. Wanawake bado ni wawili tu, na dada anayetafuta mkutano aulize kwanza kama kuna wa wanawake watupu. Aidha, mara moja kwa wiki haitoshi kwa mtu anayeanza, ndiyo maana kila Jumanne huingia mkutano wa mtandaoni, nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Mke wangu naye amepata kikundi chake, cha Al-Anon, kinachohudumia jamaa za walevi, na yanayosemwa huko simuulizi.

Anayetaka kujaribu aanze na mkutano wa wazi, ambao hata asiye mraibu anaruhusiwa kuketi na kusikiliza, na ajipe angalau mikutano sita, katika vikundi visivyopungua viwili. Ijumaa hii ni zamu yangu kupanga viti.