Nilinunua listi ya imeili elfu arobaini kwa laki moja na ishirini, mrejesho wangu huu hapa

Wadau habari zenu. Huu ni mrejesho wa huduma niliyoinunua mwenyewe kwa hela yangu mwezi wa kumi mwaka jana, nauandika sasa kwa sababu msimu wa kalenda na diari unakaribia tena na najua yule kaka na wenzie wataanza kuwapigia wenye biashara ndogo kama mimi. Jina lake siweki. Nyota nampa moja, na hiyo moja ni ya kuleta mzigo haraka, maana nilivyotuma tu hela kwenye simu hata dakika kumi hazijaisha faili limeshaingia.

Mi nina kaofisi Sinza, tunaprinti fulana, vikombe, kalenda, diari za makampuni, vitu hivyo. Wateja wangu wengi wamekuja kwa kuelekezana, mtu kamwambia mtu. Sasa mwezi wa tisa oda zilikuwa chache mno na kodi ya fremu ilikuwa inaisha, ndo huyu kaka akanitumia meseji, dada yangu hapa una makampuni yote ya Dar, Posta mpaka Masaki, mameneja, HR, maafisa manunuzi, imeili elfu arobaini zote zimehakikiwa, ukituma leo kesho utashindwa kupokea simu. Alitaka laki na nusu, tukashushana mpaka laki na ishirini. Anaongea vizuri, ana heshima, hilo namkubalia.

Nikafungua faili kwenye kompyuta ya ofisini na binti anayenisaidia. Safu nne, jina, kampuni, cheo, imeili. Kwenye cheo kuanzia mstari wa kwanza mpaka tulipochoka kushuka kote kumeandikwa MENEJA kwa herufi kubwa, Dar nzima ni mameneja. Imeili moja imejirudia mara sita. Kuna zilizoandikwa gmial badala ya gmail, kuna zinazoishia na .con, kuna info@ za hoteli kibao yani unajua kabisa zinasomwa na mtu wa mapokezi. Nikasema ngoja nitafute jina langu. Nikajikuta! Ni ile imeili yangu ya zamani ya Yahoo, ila herufi moja imekosewa, r imeandikwa n, na mi mwandiko wangu r yangu inafanana kweli na n. Ile imeili kwa mkono nimeiandika mara moja tu maishani, kwenye daftari la wageni la banda moja kwenye maonesho, walisema watatupigia picha na kututumia. Picha sijawahi kuziona. Kumbe mtu alikaa akalichapa daftari lote, na waliokuwa juu yangu na chini yangu kwenye listi ni watu tuliopanga nao foleni siku ile, wawili nawafahamu kwa sura.

Hapo ndo ilibidi nisimame. Ila sikusimama, maana hela ilishatoka, nikajiambia hata wakijibu watu mia inatosha.

Jumanne asubuhi tukatuma 3,000 za kwanza kupitia ile programu ya kutumia imeili nyingi ambayo nilikuwa naitumia kuwatakia wateja wangu heri ya sikukuu. Mpaka saa saba mchana zaidi ya mia saba zimerudi, anwani haipo, anwani haipo, anwani haipo. Jioni akaunti ikafungwa, wakaniuliza hawa watu umewapata wapi na walikubali lini kutumiwa. Sikuwa na jibu. Baadae nikaenda kusoma masharti ambayo nilikuwa nimeyakubali bila kuyasoma, kumbe listi ya kununua ni marufuku, na huduma karibu zote kubwa za kazi hii ziko hivyo hivyo, hata Mailchimp imeandika wazi. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya akaunti ile kulikuwa na wateja wangu wa kweli 640 niliowakusanya miaka mitano, na sikuwa nimewanakili popote.

Tungeishia hapo ingekuwa nafuu. Kijana mmoja wa mambo ya IT akasema dada usihangaike, tutumie seva yetu wenyewe, domeni si unayo. Kwa siku mbili tukatuma kama 9,000 kwa domeni yetu, yani lile jina la ofisi linalokaa baada ya @, jina lile lile ninalotumia kutuma profoma (karatasi ya bei kabla ya kazi) na invoisi.

Majibu yaliyorudi ni kumi na moja. Wengi walisema tu niwatoe, mmoja aliuliza bei ya kikombe kimoja akapotea, na mmoja sitamsahau. Unajua zile programu zinachukua jina kwenye faili zinaliweka mwanzoni, kwa hiyo salamu yetu ilisema habari yako mama fulani, tunajua uko bize sana msimu huu. Akajibu mtoto wake. Aliandika kwa upole kabisa, kwamba hii imeili ilikuwa ya mama yao, alifariki 2021, wao wanaifungua kwa ajili ya mambo ya mirathi, anaomba tusimtumie tena mama matangazo. Nilimwandikia pole na kuomba radhi, nikamtoa, alafu nikazima kompyuta nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Huyo ndo mmoja wa wale mameneja waliohakikiwa.

Sasa hasara yenyewe ilikuja kimya kimya na hii ndo nataka mnielewe vizuri. Kuna shule inanipa oda ya fulana kila Januari, mwaka wa sita huu. Mhasibu wao ni mzee wa makamo, akaniomba profoma Alhamisi, nikatuma Alhamisi hiyo hiyo. Kimya. Jumatano nikampigia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mbona ulituacha, tumekusubiri tukajua umebanwa na kazi za mwisho wa mwaka, tumeshampa mwingine LPO, yani ile hati rasmi ya oda. Nikamwomba aangalie kwenye spamu, kule zinakotupwa barua zinazoshukiwa ni taka. Akakaa kidogo akasema ipo, na ile ya wiki iliyopita ipo, zote zipo huku. Fulana 180 zikaenda hivyo. Nikaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja siku hiyo na kila niliyempigia profoma zangu zilikuwa kwenye spamu.

Nimekuja kuelewa kwamba Gmail na wenzie hawaangalii barua yenyewe tu, wanaangalia na tabia ya domeni yako. Zikirudi nyingi wanaona hujui unamwandikia nani. Watu wakibonyeza kile kitufe cha spamu wanahesabu, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi, Gmail wanasema malalamiko yasifike asilimia 0.3, yani katika kila watu elfu moja, wakikuchukia watatu tu umeshaingia pabaya. Kwa zile 9,000 zetu ni watu ishirini na saba. Nani ambae hakuwahi kusikia jina lako ataacha kubonyeza? Na anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe amepanga SPF, DKIM na DMARC, ndo vitambulisho vya kuonyesha kwamba barua kweli imetoka kwako, na aweke njia ya mtu kujitoa kwa kubofya mara moja. Sisi hatukuwa na hata kimoja.

Alafu kuna mitego. Hii sikuijua kabisa. Kuna anwani ambazo hazina mtu, zimewekwa makusudi kwenye kurasa za intaneti ili wale wanaozoa imeili kwa programu wazizoe, na nyingine ni za watu walioziacha miaka mingi zikafufuliwa kuwa mtego. Hizi za kupandwa hakuna binadamu aliyewahi kukupa, kwa hiyo ukituma barua huko tu umeshajulikana umeokota au umenunua. Kuna taasisi kama Spamhaus, wako tangu 1998, wanatunza orodha nyeusi ambazo seva nyingi duniani zinaziuliza kabla ya kupokea barua. Seva yetu iliingia kwenye orodha ya namna hiyo. Watu wa hosting, wale wanaotukodishia nafasi kwenye seva, wakanipigia, dada kwenye seva hii uko na wenzio wengi, na barua zao sasa hazifiki kwa sababu yako. Kuna fundi wa aluminiamu sijui wapi, kuna chekechea, hawajanikosea chochote, wanashindwa kutuma barua zao sababu mimi nilitaka wateja wa haraka.

Nikarudi kwa muuzaji. Akanambia hela anarudisha faili likigoma kufunguka tu, na langu lilifunguka. Nikamuuliza hawa watu walikubali lini, akasema dada hizo ni taarifa za wazi. Si kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Imeili yenye jina la mtu ni taarifa binafsi, ukiichukua kwa ajili ya picha za maonesho huwezi kwenda kuiuza kwa mchapaji wa kalenda, mtu ana haki ya kukuambia usitumie taarifa zake kumtangazia biashara, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa awe amejisajili kwenye Tume. Na mimi niliyenunua na kuzitumia siwezi kujificha nyuma ya muuzaji, hilo nimelikubali.

Na alivyoona nimekasirika akajaribu kunipoza na ofa nyingine, listi ya watalii wa Ulaya, eti nimuuzie rafiki yangu mwenye kampuni ya safari. Jamani wenye kampuni za utalii hii msiiguse hata kwa bure. Wale wana GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, tangu 25 Mei 2018, faini yake kwa makosa makubwa inaweza kufika yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka duniani kote, inachukuliwa iliyo kubwa, na sheria yenyewe inamfuata hata aliye nje ya Ulaya akiwauzia bidhaa au huduma watu walioko kule.

Kama umeshanunua na hujatuma, usitume hata mia za kujaribia. Kama umeshatuma kwa domeni yako, acha leo. Sisi tulisimamisha kila kitu isipokuwa barua za mteja mmoja mmoja, tukapanga vile vitambulisho vitatu, watu wa hosting wakaomba seva itolewe kwenye orodha, na mimi nikawapigia wateja wote niliokuwa na namba zao, nikiwaomba waingie kwenye spamu, watafute barua yangu, wabonyeze kwamba hii sio spamu. Wengine nilienda mpaka ofisini kwao Mwenge na Kariakoo nikasimama pembeni ya meza wakafanya. Ilichukua kama miezi mitatu. Muda wa maongezi na nauli peke yake vilishapita bei ya ile listi.

Sa hivi kwenye kaunta kuna kadi, anayetaka bei mpya kwa imeili anaandika mwenyewe, na binti anamsomea herufi moja moja kabla hajaondoka, hasa r na n. Mpaka juzi tulikuwa na watu 212. Ni wachache, ila tukituma wanajibu.

Na yule mzee mhasibu, mwezi wa nne alinipigia mwenyewe. Mwanangu profoma ya jezi za michezo nimeiona, leo imekaa mahali pake sijaitafuta. Zilikuwa jezi 45. Nilimpelekea mwenyewe na bajaji siku ya Ijumaa.