Fundi aliyenitengenezea ethi ya banda la kuku: nyota nne

Nafuga kuku Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini. Banda liko nyuma ya nyumba, hatua kama hamsini, la mabati na nguzo za chuma. Ndani kuna mashine ya kutotolesha, taa za vifaranga na pampu ya maji. Umeme tulivuta kutoka nyumbani, na fundi wa kwanza alifunga DB ndogo, kile kisanduku cha breka, mlangoni. Kazi ilionekana nadhifu. Hadi masika, nilipofungua mlango nimevaa ndala zilizolowa na mlango ukanitekenya mkono. Wiki ile ile taa zikaanza kufifia na kurudi, na dada anayenisaidia akapigwa shoti ya kumwangusha na ndoo yake.

Nikatafuta fundi mwingine. Jirani akanielekeza kwa kijana aliyesoma VETA, mwenye leseni ya EWURA. Aliionyesha kabla sijauliza. Kabla ya kushika chochote alizima mein swichi ya nyumbani, akapima kuhakikisha kweli umezimika, ndipo akafungua DB. Akaniita: "Mama, hebu njoo uone." Kutoka nyumbani zilikuja nyaya mbili tu, laini inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Ethi, yaani waya wa usalama wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, haikuwepo. Yule fundi wa kwanza alichofanya ni kuunganisha kipande cha waya kutoka nyutro kwenda kwenye ethi za soketi na nguzo za banda, na skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea. Akanieleza kwamba nyutro ikiachia wakati taa au pampu imewashwa, umeme unaokosa njia ya kurudi unaingia kwenye kila chuma kilichofungwa hapo. Yaani mlango wangu na mashine ya mayai.

Alileta kebo ya kufukia yenye nyaya tatu za milimita 6, kwa hiyo ethi sasa inatoka nyumbani pamoja na zile nyaya nyingine mbili. Ndani ya DB nyutro ina mstari wake wa shaba na ethi ina wake, hazigusani kabisa. Nguzo na paa akaziunganisha na ethi kwa waya mnene.

Halafu rodi, ile fimbo ya ethi inayopigiliwa ardhini. Hapa nilimpenda. Nilishanunua mfuko wa chumvi na mkaa vya kutia kwenye shimo la rodi, maana ndivyo tulivyozoea kuona mafundi wakifanya. Akacheka, akasema chumvi itakula shaba na mvua itaiondoa, bora nikapikie. Akapigilia rodi ya futi nne, akaweka kipimo cha jinsi ardhi inavyozuia umeme, ambacho kikiwa kidogo ndiyo bora: omu 180. Udongo wetu kiangazi ni mkavu kama tofali. Akapigilia ya pili mita tatu pembeni, akaziunganisha, ikashuka hadi 97.

Nikadhani tumemaliza. Akatoa simu akapiga hesabu mbele yangu: volti 230 gawanya kwa 97, unapata ampea 2 na kitu. Breka yangu ni ya ampea 20. Kwa hiyo laini ikigusa bati na rodi ikawa ndiyo njia pekee, breka haitashtuka hata siku nzima ipite. Miaka yote nimeamini ukichimbia rodi umepona! Ndiyo maana akafunga RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme ukianza kuvuja kidogo tu.

Alipowasha, RCD ikakata hapo hapo. Akawasha tena, ikakata. Alihangaika karibu saa nzima akifungua soketi moja moja, hadi ile ya karibu na tangi: yule wa kwanza alikuwa amefunga nyutro na ethi pamoja humo pia. Alipozitenganisha, ikatulia. Akanionyesha kitufe cha kujaribia na kunitaka nikibonye kila baada ya miezi michache. Nisipousikia ule mlio wa kukata, nimpigie. Tangu hapo nimekibonya mara mbili, imekata zote.

Ufundi alichukua 180,000, vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha aliyoandika, na hakuna kilichobaki wala kupungua. Sijaona ghali, nikikumbuka ndoo ile.

Lawama zipo. Aliahidi Jumatatu akaja Jumatano, simu haipokelewi. Mtaro wa kebo ameufukia nusu. Upande wa mpapai uko wazi mpaka leo na vifaranga viwili vimetumbukia. Nilimwomba pia mchoro wa alivyofunga, akasema "nitakutumia, Mama," na bado nasubiri.

Nyota nne. Ya tano iko kwenye ule mtaro, aje na koleo.