Katalogi inaposema kitabu kipo: maktaba za vyuo, kutoka Moshi hadi Marekani

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kuanzia KNPA, chama cha wakulima wa kahawa cha 1925, hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichozaliwa 1933. Kazi hii imenizungusha maktaba za vyuo vitatu.

Kwa wingi wa vitabu hakuna mashindano. Harvard wana takriban milioni 20. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2018, ilijengwa ichukue 800,000. Ila mimi nilikuwa natafuta vitabu arobaini tu.

Nilianzia chuo kimoja cha mkoa huu. Kompyuta ilisema ripoti ninayoitaka ipo. Rafuni haipo. Mkutubi akaniambia, "Dada, subiri kidogo," akapanda ngazi, akapekua makabrasha asubuhi nzima. Ripoti hakuipata. Akashuka na nyingine tatu ambazo katalogi haikuzitaja kabisa: mihtasari ya mikutano ya vyama vya msingi, imepigwa taipu, pini zimeshika kutu. Sura yangu ya pili yote imesimama juu ya hizo. Nimezitafuta WorldCat, inayokusanya katalogi za maelfu ya maktaba duniani, sikuona hata moja.

Dar, chumba cha East Africana pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki, nakipenda mno. Kitabu hakitoki, unasoma hapohapo, lakini nimekaa na tasnifu za miaka ya sabini za watu waliowahoji wazee wetu wangali hai. Nenda na daftari, na usiwe na haraka.

Marekani sijafika. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, wana maktaba ya Herskovits, iliyoanzishwa 1954, inayohusu Afrika peke yake. Nilimwagiza binamu yangu anayeishi Chicago vitu sita. Vyote sita alivikuta palepale katalogi iliposema. Hapo ndipo wametuzidi, na hapo panahitaji kazi kuliko fedha.

Majarida hayakunisumbua: chuo kikishajisajili Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma mtandaoni, mengi unayasoma bila kulipa. Waulizeni wakutubi wenu, wanafunzi wengi hawajui.

Siku hizi Jumamosi nashinda na mkutubi yule wa ngazi. Yeye anafungua kabrasha, mimi naandika: jina, mwaka, idadi ya kurasa, rafu. Tumefika kabrasha la 61, na ile ripoti ya kwanza tumeikuta kwenye kabrasha la 38.