Deikea niliyompeleka mwanangu hapa Mtwara, mwezi wa tano sasa toka aanze

Wamama wenzangu mlionitumia meseji kuuliza mtoto nimempeleka wapi, naandika hapa mara moja msome wote. Likizo ya uzazi siku 84 ziliisha mtoto shingo ndo kwanza imekaza, na dada wa kazi niliyemtoa kijijini alikaa wiki tatu tu, msimu wa korosho ukaanza akaaga anaenda kuwasaidia kwao kuokota. Nililia jamani.

Kituo cha kwanza nilichoenda kuangalia kilikuwa kizuri kwa macho, rangi, katuni ukutani, bembea, nikataka nilipie hapohapo. Kesho yake nikarudi saa nane mchana bila taarifa, nikakuta watoto kumi na kitu kwenye mkeka mmoja, joto lile la mwezi wa 11, madirisha yamefungwa, neti hakuna na hii malaria yetu ya huku, binti mmoja tu kakaa mlangoni na simu. Kuna mtoto pempasi imejaa mpaka inaning'inia. Niliondoka.

Niliyemchagua yupo Chuno, nyumba ya kawaida, mama mtu mzima tunamwita Bibi. Na kwake nilienda saa nane hiyohiyo, nikamkuta anashona neti iliyotoboka, watoto wamelala, mmoja akaamka akamwita kwanza jina ndo akamnyanyua. Halafu yeye ndo akaanza kuniuliza mimi, mtoto ananyonya mara ngapi, amewahi kupata degedege, nani mwingine anaruhusiwa kuja kumchukua, na kadi ya kliniki akataka aione mwenyewe. Cheti cha usajili kipo ukutani, msione aibu kukiulizia popote mtakapoenda, na kama hamna uhakika nendeni Ustawi wa Jamii halmashauri.

Maziwa nakamua asubuhi, Bibi anabandika plasta yenye jina la mtoto kwenye chupa, hayachemshi, anaiweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto alafu anadondoshea kwanza mkononi kwake. Mchana naenda na bajaji kunyonyesha mwenyewe, sheria ya kazi inaturuhusu mpaka masaa mawili kwa siku kwa hiyo bosi asikutishe.

Kasoro zipo. Saa kumi na moja jioni anataka mtoto awe ameshachukuliwa, ukichelewa ananuna kweli. Kipindi hiki cha mvua njia ni tope, bajaji haifiki mlangoni. Na siku moja mtoto alipata homa toka saa nne asubuhi hakunipigia mpaka nilipoenda kunyonyesha, hiyo iliniuma sana nikamwambia, akaniomba radhi na toka hapo hata akitapika kidogo tu ananipigia.

Nalipa 50,000 kwa mwezi, wanaokula uji na wali wanaongeza. Hapokei zaidi ya watoto wanane, kwa sasa nafasi imebaki moja. Mwenye shida aje inbox nimwelekeze nyumba, ila nenda saa nane mchana ukaone mwenyewe, usimpigie kwanza.