Uji wa tui wa Mgandini, Tanga: mama yangu ameanza kurudisha mwili

Nawaandikia wenye mgonjwa wa kifua nyumbani, wanaoona kila wiki nguo zinamzidi.

Mama yangu alikaanga samaki kwa kuni pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, zaidi ya miaka 30. Sigara hajaigusa maishani, lakini moshi wa kuni nao huharibu mapafu vilevile. Ana ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zimebana na hazifunguki tena kama zamani. Mwaka jana alikuwa na kilo 52. Mwezi wa tatu mwaka huu mizani ikasoma 44.

Nilianza vibaya. Muuzaji mmoja wa dawa, simtaji, aliniuzia kopo la unga wa maziwa kwa shilingi 85,000 akiniapia kwamba linasafisha mapafu. Nikampa mama glasi nzima asubuhi. Tumbo likajaa, akakaa dirishani akihema mpaka adhana ya adhuhuri. Siku ile nililia. Hakuna unga unaosafisha mapafu, na anayemwambia hivyo mtu mwenye mgonjwa anamwibia.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mama wa uji, karibu na soko la Mgandini. Hana kibao, ulizia uji wa tui. Nilikwenda kununua kilo mbili za unga, akaniuliza kabla hajashika upawa: "Anakohoa? Mshampima TB?" Nikamjibu kwamba makohozi yalipimwa hospitali ya Bombo, hayana kitu, na sukari iko sawa. "Haya basi, mwanangu. Kikohozi na kukonda havianzii kwangu, vinaanzia hospitali." Kwa neno hilo nilimwamini.

Kisha akataka kujua mama anakulaje. Nikamweleza: vijiko vitatu, anakiweka kijiko, anabinua midomo kama anayepuliza chai ya moto, anatoa pumzi taratibu, ndipo anaendelea. Nusu sahani, hoi. Daktari alishanifafanulia kwamba kuhema kwa shida ni kazi, na kazi hiyo inakula chakula. Halafu tumbo likishiba sana linasukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, mapafu yanakosa nafasi. Kwa hiyo mama anahitaji nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo. Uji wa mama wa Mgandini ndio hivyo hasa. Ni mzito, una mchele na ulezi, karanga za kusaga na maziwa, na tui la kwanza linaingia mwishoni kabisa, anaepua kabla halijakatika. Kijiko kinasimama. Tunampa nusu kikombe, mara tano au sita kwa siku.

Kilichonikalisha pale zaidi ya saa nzima ni karanga. Anazimwaga kwenye ungo, anazipeta, kisha anazipitia kwa vidole moja moja. Iliyosinyaa, nje. Yenye doa jeusi, nje. Iliyovunjika, anaipasua aangalie ndani. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini unga wa lishe mwingi unaouzwa mjini sijui karanga zake zilipitia mikono ya nani. Pakiti za mama wa uji zina tarehe ya kusaga, kaiandika kwa kalamu.

Kasoro zipo. Unga wake wa kawaida una soya, nayo ilimjaza mama gesi, usiku mzima hakulala. Nilipomrudia hakubisha, alinisagia usio na soya, ila lazima uagize kuanzia kilo tatu, na kilo ni shilingi 6,000. Uji wa kikombe anautia sukari nyingi mno, mwambie mapema. Pakiti nazo hupasuka, nenda na kopo lako.

Na uji peke yake hautoshi, maana misuli inataka protini. Mama anakula yai kila siku, na samaki aina ya changu niliyemtoa miiba mwenyewe. Pampu ya dawa ya kifua anavuta kwanza, anapumzika nusu saa, anakaa wima, ndipo anakula. Maji anakunywa baadaye, yasimjaze tumbo. Na kila jioni anasimama na kuketi kitini mara kumi, kama daktari alivyomwagiza.

Tunampima kila Jumatatu kwa mizani ileile. Baada ya miezi mitatu yuko kilo 46 na nusu. Juzi aliniomba nimletee sidiria zake za zamani kutoka sandukuni, nikajificha jikoni asione machozi yangu.

Mama wa uji nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye soya na sukari. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, uji unaisha. Ijumaa hafungui.